Safari ya Kwanza Korea Kusini: Uanzie Wapi, Ufuatishe Nini

Wengi wetu tumeijua Korea tukiwa sebuleni. Vyombo vya chakula cha usiku vimeondolewa, tamthilia inaanza, mfalme ameketi kwenye kiti chake na mawaziri wenye kofia nyeusi wanainama mpaka paji la uso linagusa sakafu. Wengine wamevutwa na muziki wa vijana wao, wengine na mapishi. Siku nauli inapopatikana, swali huwa moja: nina siku nane, nianzie wapi?

Ushauri wangu ni wa mtu aliyekwenda mara ya kwanza akakimbilia kila mahali, kisha akarudi mara ya pili akatembea taratibu. Nchi ile haitaki pupa. Mahali pachache kwa mpangilio mzuri panafundisha zaidi, kwa kuwa kila panapotangulia panakufungulia panapofuata. Ukishaelewa jinsi kasri lilivyopashwa joto, nyumba ya mtu wa kawaida haikupi taabu. Ukishasimama mbele ya jumba la mizimu ya wafalme wao, utaelewa kwa nini kijana wa Seoul anageuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mzee. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano huo.

1. Jifunze herufi zao kabla hujafunga begi

Maandishi ya Wakorea yanaitwa Hangul, na tarehe ya kuzaliwa kwake inajulikana, jambo ambalo ni nadra kwa maandishi duniani. Mfalme Sejong aliyakamilisha mwaka 1443 na kuyatangaza mwaka 1446. Kabla ya hapo waliandika kwa herufi za Kichina, zinazodai miaka mingi ya kusoma, hivyo mkulima aliyedhulumiwa hakuweza hata kuandika shauri lake. Sejong alitaka mtu wa kawaida naye asome. Herufi zilikuwa 28. Leo zinatumika 24.

Baadhi ya konsonanti zimechorwa kwa kufuata kinywa chenyewe. ㅁ, yaani m, ni umbo la mdomo. ㄴ, yaani n, ni ulimi ulioinua ncha yake. Na sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati yetu: irabu zetu tano zote zimo. ㅏ ni a, ㅔ ni e, ㅣ ni i, ㅗ ni o, ㅜ ni u. Silabi zetu za konsonanti moja na irabu moja zinakaa ndani ya visanduku vyao kama zilitengenezewa humo. Mama ni 마마. Juma ni 주마. Amina ni 아미나. Kile kiduara cha mwanzo hapo hakina sauti, kinashika tu nafasi ya konsonanti. Andika jina lako, la mama yako, la mtaa wako. Jioni tatu zinatosha kuanza kusoma, na mwisho wa safari utaona kwa nini nimeliweka jambo hili la kwanza.

Ongeza maneno matatu ya kusema: annyeonghaseyo ni salamu, gamsahamnida ni asante, na juseyo, yaani "nipatie tafadhali", unaliweka baada ya jina la kitu unachotaka. Ukiinamisha kichwa kidogo unaposalimia, utapokelewa vizuri popote.

2. Viza, msimu na kile kinachosahaulika

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kupanda ndege. Korea Kusini ina balozi zake Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa. Anza miezi miwili au zaidi kabla, maana karatasi za benki na za kazini huchukua muda kukusanywa. Ndugu zetu wenye pasipoti za Ulaya au Amerika Kaskazini wana utaratibu tofauti, nao waangalie tovuti rasmi ya serikali kabla ya kulipa popote. Kutoka kwetu wengi hupitia Addis Ababa, Dubai au Doha, na kushukia Incheon.

Nenda mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili kama unataka maua ya micheri, au mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba kama unataka majani mekundu na hewa kavu. Mimi napendelea vuli: anga safi, na kasri za mbao zinapendeza zaidi zikiwa na majani ya manjano pembeni. Julai ni mvua na jasho. Januari baridi inashuka chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa, na koti la Arusha au Limuru halitakufaa kitu.

Sikukuu mbili zichunguze kabla ya kukata tiketi: Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda hiyo hiyo. Watu hurudi kwao kuwakumbuka wazee waliotangulia. Tiketi za treni huisha na maduka mengi hufungwa.

Umeme wao ni volti 220, kwa hiyo simu yako haitaungua, ila soketi ni za pini mbili za duara. Chaja zetu za pini tatu bapa haziingii. Nunua adapta nyumbani, ni bei ya soda mbili tatu.

3. Kutoka uwanja wa ndege

Kutoka Incheon treni ya moja kwa moja inafika kituo cha Seoul kwa dakika kama 43. Ile inayosimama kila kituo inatumia saa moja hivi na nauli yake ni nafuu zaidi. Kabla ya kutoka uwanjani ingia kwenye moja ya yale maduka madogo yanayokesha, CU au GS25, ununue kadi ya T-money. Kadi hiyo hujazwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo badilisha au toa won, fedha yao, kwanza. Unaigusisha kwenye mashine unapopanda na unaposhuka pia. Ukisahau kugusisha unaposhuka basini, unapoteza nafuu ya kuunganisha safari.

Pakua Naver Map au KakaoMap, kwa sababu Google Maps kule imekuwa dhaifu kwa kumwelekeza mtu wa miguu, na Papago kwa kutafsiri. Ndani ya treni za chini ya ardhi, viti vya mwisho wa behewa ni vya wazee, na vile vya rangi ya waridi ni vya wajawazito. Hata vikiwa vitupu, viache.

4. Kasri la Gyeongbokgung, nusu siku nzima

Angalia siku kwanza: Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Mimi nilifika Jumanne, saa 3 asubuhi, baada ya kujiandaa miezi kwa siku hiyo, nikakuta malango yamefungwa. Kasri la jirani, Changdeokgung, hufungwa Jumatatu. Ziandike hizo siku mbili kwenye karatasi na uipige picha.

Shuka kituo cha Gyeongbokgung, laini namba 3. Ukiweza, kodi hanbok kwanza, vazi lao la asili, kwenye maduka ya karibu na kituo. Mwanamke huvaa jeogori, koti fupi linalofungwa kwa utepe mrefu kifuani, na chima, sketi pana inayoanzia juu ya kiuno hadi chini. Ni vazi la stara, na dada wa hijabu hatapata shida nalo. Aliyevaa hanbok haingii kwa tiketi; asiyevaa analipa won 3,000. Lakini sababu kubwa ya kulivaa ni nyingine. Sketi ile inakulazimisha upunguze hatua na unyooshe mgongo, na ghafla zile ngazi na vizingiti virefu vya milango vinakuwa na maana.

Fika kabla ya saa 4 asubuhi, yaani 10:00 kwenye ratiba yao, uone walinzi wakibadilishana zamu mbele ya lango la Gwanghwamun. Hurudiwa saa 8 mchana. Ngoma kubwa inapigwa, bendera zinapita, kisha unaingia.

Hapa ndipo ninapokuomba usikimbilie picha. Katika ua mkubwa wa jumba la enzi, Geunjeongjeon, kuna safu mbili za mawe madogo yaliyosimama, yameandikwa kwa Kichina. Hayo ni madaraja ya vyeo. Mawaziri wa kiraia walipanga mstari upande wa mashariki, maofisa wa jeshi upande wa magharibi, kila mmoja kwenye jiwe lake, mkubwa karibu na mfalme, mdogo mbali. Simama kwenye jiwe la mwisho kabisa ugeukie jumba. Uso wa mfalme hauonekani. Unaona paa na kivuli. Dola nzima ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392 na kudumu zaidi ya miaka 500, imeandikwa kwenye ua ule. Chini, kwenye mawe ya sakafu, tafuta pete za chuma: zilifungiwa kamba za mahema ya kivuli.

Pita nyuma mpaka Gyeonghoeru, ukumbi wa karamu uliojengwa juu ya bwawa, kisha uende Jagyeongjeon, makao ya mama mkuu wa kifalme. Nyuma yake kuna ukuta wa matofali wenye michoro ya korongo, kulungu, kobe na misonobari, alama za maisha marefu. Watalii wengi hupiga picha wakidhani ni pambo. Ule ukuta ni dohani. Moto uliwashwa chini ya jengo, moshi na joto vikapita chini ya mawe ya sakafu, kisha moshi ukatokea huku nyuma. Mfumo huo unaitwa ondol. Uweke akilini, tutakutana nao tena.

Na ujue unachokitazama. Kasri lilijengwa mwaka 1395, likateketea mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, likabaki gofu kwa zaidi ya karne mbili na nusu, likajengwa upya miaka ya 1860. Baada ya Japani kuitwaa nchi mwaka 1910, majengo mengi yalibomolewa, na jengo la serikali ya kikoloni likasimamishwa mbele ya jumba la enzi, kuliziba kabisa. Wakorea walianza kulivunja jengo hilo mwaka 1995, na kasri wanalirudishia jumba moja moja hadi leo. Sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa, ambako boma la Mjerumani au la Mwingereza bado ndilo ofisi ya wilaya, tunayo ya kutafakari pale uani.

5. Changdeokgung, kisha Jongmyo

Siku inayofuata nenda Changdeokgung, lililojengwa mwaka 1405 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Gyeongbokgung limenyooka kama rula. Hili limejikunja kufuata kilima. Bustani yake ya nyuma, Huwon, ina tiketi yake ya ziada, na nafasi zina kikomo. Weka nafasi mtandaoni siku sita kabla, dakika ile ile inapofunguliwa, hasa wakati wa majani mekundu. Ndani utaona bwawa la mraba lenye kisiwa cha duara, na juu yake jengo ambako mfalme Jeongjo aliweka maktaba yake mwaka 1776.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Jongmyo. Hiki ndicho kivutio ambacho wageni wengi hukiruka, nami nakitetea kuliko vyote vya Seoul. Ni jumba la mizimu ya ukoo wa kifalme: jengo moja refu la mbao, paa moja lisilokatika, vyumba 19 vilivyobeba mabamba ya wafalme na malkia 49. Hakuna dhahabu, hakuna rangi za kung'aa. Sakafu ya mawe mbele yake ni pana na kimya. Kila Jumapili ya kwanza ya Mei kizazi cha ukoo huo hufanya tambiko la chakula, muziki na ngoma kwa wahenga wao. Sisi tunaojua maana ya kutambikia, au tuliowaona mabibi wakimwaga chakula kidogo kwa ajili ya waliotangulia, hatuhitaji kuelezwa sana. Siku nyingi za wiki unaingia na kundi la mwongozaji, kwa hiyo angalia ratiba ya lugha unayoielewa. Jumanne pamefungwa.

6. Nyumba: Bukchon, na usiku mmoja sakafuni

Kati ya kasri hizo mbili kuna mtaa wa Bukchon, wenye nyumba za asili, hanok, zilizopangana mlimani na mapaa ya vigae vya kijivu. Wanaishi watu mle. Wazee wamelalamika miaka mingi juu ya kelele na wageni wanaochungulia malangoni, na sasa sehemu yenye msongamano zaidi inaruhusu watalii kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni tu, na faini ni won 100,000. Ongea kwa sauti ya chini, usishike mlango wa mtu.

Kutazama kwa nje hakutoshi. Tenga usiku mmoja ulale kwenye hanok ya wageni, Seoul au baadaye Gyeongju. Utavua viatu kwenye jiwe la chini, utapanda kwenye maru, jukwaa la mbao lililo wazi kuelekea uani. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atajisikia yuko barazani, na ua ule wa katikati ataujua. Chumbani hakuna kitanda. Unatandikiwa godoro jembamba juu ya sakafu iliyopakwa karatasi iliyotiwa mafuta, na ukiweka kiganja chini unakuta sakafu ina joto. Hiyo ndiyo ondol, ile ya dohani la mama wa mfalme, ingawa leo joto linaletwa na mabomba ya maji moto. Ndiyo sababu Mkorea hula, hukaa na kulala sakafuni, na ndiyo sababu kuingia na viatu ndani ni kosa lisilosameheka haraka.

7. Kula

Nenda soko la Gwangjang, lililoanza mwaka 1905, karibu na kituo cha Jongno 5-ga. Nenda na njaa. Kabla hujaona kitu utasikia mafuta yakichemka, na harufu itakuambia kitu unachokijua: choroko. Akina mama wamekaa nyuma ya makaango mapana, pembeni jiwe la kusagia linazunguka, na choroko zilizolowekwa zinashuka zikiwa uji mzito wa manjano. Mama anachanganya na chipukizi za choroko na kimchi, anamwaga upawa mmoja kwenye mafuta mengi, anaugeuza ukiwa mwekundu pembeni. Huo ni mkate wao wa bindaetteok, unaliwa na vitunguu vilivyolowekwa kwenye sosi ya soya. Sisi choroko tunazipika na nazi tu, na sikuwahi kuwaza kwamba zingeweza kuwa hivi.

Soma bei kwenye ubao kabla ya kukaa, na onyesha kwa kidole unachotaka ili usiletewe usichoagiza.

Kwa Waislamu hapa pana tahadhari. Bindaetteok nyingine hutiwa nyama ya nguruwe, na mchuzi wa kimchi mara nyingi hupikwa nayo. Kile kinachouzwa pembeni kikifanana na soseji nyeusi, sundae, ni utumbo uliojazwa tambi na damu. Hapo ndipo zile jioni tatu za herufi zinapolipa: tafuta 돼지고기, dwaejigogi, nyama ya nguruwe. Chakula cha uhakika kiko Itaewon. Msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko juu ya kilima pale, na mtaa unaouzunguka umejaa mikahawa ya halali, mingine ya chakula chenyewe cha Kikorea. Swali Ijumaa yako pale. Utakutana na watu wa nchi zote. Chakula cha mahekalu ya Kibuddha nacho hakina nyama kabisa, wala kitunguu saumu.

Kimchi utaikuta kila meza, nayo hailipiwi. Ni kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, ikapakwa pilipili, saumu, tangawizi na uduvi wa chumvi, ikaachwa ichachuke. Aliyekulia kwenye achari ataipenda siku ya pili kama si ya kwanza. Desturi ya familia na majirani kuiandaa pamoja kabla ya baridi, kimjang, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2013.

Mezani, mzee aanze ndipo ushike kijiko. Wali na mchuzi huliwa kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti. Usivichomeke vijiti vikasimama kwenye wali, maana ni picha ya matambiko ya wafu. Pokea na utoe kwa mikono miwili. Bakshishi haitolewi, na ukiiacha mezani mhudumu anaweza kukukimbiza akurudishie.

8. Hekalu na makumbusho

Hekalu la Jogyesa liko katikati ya mji, hatua chache kutoka mtaa wa Insadong, na hakuna kiingilio. Mwenye moyo wa kutulia alale usiku mmoja kwenye hekalu la milimani kwa mpango uitwao Templestay, ulioanza mwaka 2002: unaamka kabla ya alfajiri kwa ibada, unasujudu mara 108 ukitaka, unakula bila kubakiza punje. Si lazima uwe wa dini hiyo, na hakuna anayekushawishi.

Makumbusho ya Taifa, kituo cha Ichon, huingii kwa pesa kwenye maonyesho ya kudumu. Ni makubwa mno kwa siku moja. Chagua chumba kimoja tu: chumba chenye giza chenye sanamu mbili za shaba za Bodhisattva, mtakatifu wa Kibuddha, aliyeketi, kidole shavuni, akiwaza. Kaa humo mpaka macho yazoee.

Makumbusho ya Vita, kituo cha Samgakji, nayo ni bure. Kwenye kumbi za nje kuna mabamba ya majina ya waliokufa katika vita vya 1950 hadi 1953, na kati yao ni askari wa Ethiopia wa vikosi vya Kagnew. Afrika Kusini nayo ilipeleka marubani. Wapelekee salamu. Ukipenda kuona mpaka wenyewe, safari za DMZ, ukanda usio na majeshi kati ya Korea mbili, huondoka Seoul asubuhi, lazima na pasipoti, na nyingi hazifanyiki Jumatatu.

Wapenzi wa muziki, jioni moja Hongdae, ambako vijana hucheza barabarani, inatosha. Maonyesho makubwa yanahitaji tiketi za miezi kabla, nami sitakudanganya kwamba utazipata mlangoni.

9. Gyeongju, siku mbili, usipunguze

Mwenye siku nane akikaa Seoul zote ameiona Joseon tu. Panda treni ya kasi, KTX, kutoka kituo cha Seoul. Saa mbili na kidogo uko Gyeongju, mji mkuu wa ufalme wa Silla kwa karibu miaka elfu moja, hadi mwaka 935. Kituo kiko nje ya mji, kwa hiyo panda basi kuingia ndani.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni vilima vya majani, vya mviringo, laini, katikati ya mitaa na maduka ya kahawa. Ni makaburi ya wafalme. Watoto wanapita na baiskeli kando yake. Ndani ya bustani ya Daereungwon kuna kimoja kinachoingilika, Cheonmachong, kilichochimbwa mwaka 1973: unaona jinsi jeneza lilivyofunikwa kwa mbao, mbao kwa rundo la mawe, mawe kwa udongo. Kutoka hapo tembea hadi Cheomseongdae, mnara wa mawe wa karne ya 7 unaoaminika ulitumika kutazama nyota, wenye umbo la chupa. Ukifika giza nenda bwawa la Wolji, wakati taa zinapowashwa na mabanda ya kifalme yanasimama mara mbili, juu na ndani ya maji.

Siku ya pili chukua basi namba 10 au 11 hadi Bulguksa, hekalu lililoanza kujengwa mwaka 751. Kabla ya kufika tafuta sarafu ya won 10 mfukoni. Ule mnara uliochorwa juu yake, Dabotap, umesimama uani. Juu mlimani kuna Seokguram, Buddha wa mawe aliyeketi ndani ya pango akitazama mashariki, upande wa bahari. Yuko nyuma ya kioo na picha haziruhusiwi, jambo ambalo naliona ni neema.

Ukirudi mjini pitia makumbusho ya Gyeongju uione kengele ya mfalme Seongdeok, iliyosubuiwa mwaka 771, yenye uzito wa karibu tani 19. Hadithi za wenyeji zinasema ilikataa kulia mpaka mtoto alipotoswa kwenye shaba iliyoyeyuka, na ndiyo maana sauti yake ni ya mtoto anayemwita mama. Siku za kawaida haigongwi. Husikilizishwa sauti iliyorekodiwa. Ngoja mpaka wimbi la mwisho lizimike. Linachukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

10. Siku ya mwisho, Insadong

Rudi Seoul, acha begi kwenye kabati za kituo, uende Insadong kwa zawadi. Karatasi ya hanji ni nyepesi, haivunjiki, na haizidishi kilo. Risiti za maduka yanayorudisha kodi zitunze kwa ajili ya mashine za uwanja wa ndege, na pasipoti uwe nayo unaponunua.

Kisha tafuta duka la mihuri, dojang. Wakorea wameitumia kwa karne nyingi kutia sahihi. Fundi anakupa kipande cha karatasi uandike jina lako. Usiandike kwa herufi za Kirumi. Chukua kalamu, andika 아미나 au 주마 au lolote lililo lako, kwa mkono wako. Atakutazama kidogo, atashika kisu kidogo, na unga wa jiwe utaanza kudondoka mezani. Jina litakuwa kinyume, kama kwenye kioo. Akimaliza atalibonyeza kwenye wino mwekundu, alitie karatasini, na utaangalia kila herufi mwenyewe kama iko mahali pake kabla hujalipa.